Kijitundu kilichomshusha Beryl Markham

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii tuliikariri shuleni, tukaitia katika insha zetu ili mwalimu atuongezee alama, kisha wengi wetu tukaiacha huko huko darasani. Mimi ilinirudia usiku mmoja nje ya uwanja wa ndege, nilipokuwa nimemsindikiza mpwa wangu aliyekuwa akielekea nchi za Ghuba kutafuta riziki.

Tulikuwa tumetoka nyumbani Nyali mapema, tukavuka daraja, tukapenya msongamano wa magari ya Changamwe na kufika kwa wakati. Kijana akaingia ndani na mizigo yake, nasi jamaa tukabaki nje tukisubiri kuisikia ndege ikiondoka. Saa ya safari ikafika, ikapita. Saa nzima ikayoyoma, ya pili ikafuata, ya tatu ikaingia. Hatimaye mpwa wangu akanipigia simu kutoka ndani akasema kwamba mafundi walikuwa wameizunguka pua ya ndege na kurunzi zao, na kwamba abiria walikuwa wameelezwa kuwa kulikuwa na kijitundu kilichoziba ambacho lazima kisafishwe na kupimwa kabla ya ndege kuruka.

Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba nilipandwa na hasira. Nilijiuliza ni uzembe gani huo, ndege kubwa kama ghorofa kuzuiwa na kitundu kisichopita hata ncha ya kalamu. Nilimwogopea kijana asije akaikosa ndege ya pili aliyotakiwa kuipanda, na mwajiri akampa mwingine nafasi yake. Nililalama pamoja na wenzangu, nikawaita wale mafundi majina ambayo si adabu kuyachapisha hapa. Alfajiri ndege ikaruka. Kijana alifika salama, na kazi yake aliikuta ikimngoja.

Niliporejea Nyali, jua likichomoza baharini, nilijionea haya. Nilimkumbuka mwanamke mmoja, rubani wa Kenya, ambaye jina lake lilivuma duniani kote miaka mingi iliyopita, na ambaye nusura azame baharini kwa sababu ya kijitundu kama kile nilichokicheka. Leo nataka tuyatazame maisha yake, kwani naamini yana somo kwa kila mtu anayeabiri chombo, kiwe cha angani, cha majini au cha nchi kavu.

Beryl Markham alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 huko Ashwell, katika eneo la Rutland nchini Uingereza. Alikuwa bado mtoto mdogo wazazi wake walipohamia Kenya, nchi ambayo wakati huo ilikuwa ndiyo kwanza inaingia makuchani mwa ukoloni. Mama yake hakuyaweza maisha ya huku, akarudi Uingereza na kaka yake Beryl. Msichana akabaki na baba yake, Charles Clutterbuck, katika shamba la Njoro. Hatuna budi kusema kweli kwamba mashamba ya aina hiyo yalikatwa katika ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa. Hata hivyo mtoto huyo, aliyekosa mama, alilelewa kwa kiasi kikubwa na wenyeji wa mahali pale. Alicheza na watoto wa Kiafrika, akajifunza Kiswahili na lugha ya majirani zake Wakalenjin, akatembea miguu mitupu na kufuatana na wawindaji wa mkuki. Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aliyeitwa Kibii, ambaye baada ya jando alijulikana kwa jina la arap Ruta. Tulishike jina hilo, kwani tutakutana nalo tena.

Baba yake alikuwa mfugaji wa farasi wa mashindano, na katika mazizi hayo ndimo Beryl alimosomea elimu iliyomfaa maisha yake yote. Mtunza farasi haamki na kumpandisha mtu mnyama wake hivi hivi. Kila asubuhi hupitisha kiganja juu ya mguu mmoja mmoja akitafuta joto lisilo la kawaida, hunyanyua kwato moja moja akitafuta kijiwe kilichojificha, na hutazama macho, pua na namna mnyama anavyovuta pumzi. Farasi hawezi kusema kwamba anaumwa. Ni juu ya mwanadamu kumuuliza kwa mikono. Asiyeuliza hupata jibu katikati ya mbio, na jibu hilo huwa ni kuanguka.

Baba yake alipofilisika na kuihama Kenya, Beryl alikuwa msichana wa miaka kumi na minane tu. Badala ya kumfuata, alibaki akaomba leseni ya kufundisha farasi, akawa mwanamke wa kwanza nchini kuipata. Mwaka 1926 farasi wake jike aliyeitwa Wise Child, ambaye miguu yake ilikuwa na kasoro na wengine walikuwa wamemkatia tamaa, alishinda mbio kubwa za St Leger jijini Nairobi. Waliokuwa wakimdhihaki msichana huyo wakafumba vinywa.

Ulipofika mwaka 1931 mambo yalikuwa yakibadilika kote nchini. Huku kwetu Nyali, mwaka huo ndio lilipofunguliwa lile daraja la zamani lililoelea juu ya maji, likatuunganisha na kisiwa kwa mara ya kwanza bila ya mashua. Huko Nairobi, miaka miwili kabla yake, Bi. Florence Kerr Wilson alikuwa ameanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways, ambayo jina lake linakumbukwa hadi leo katika uwanja wa ndege wa Wilson. Rubani mkuu wa kampuni hiyo alikuwa Tom Campbell Black, na ndiye aliyemfundisha Beryl kurusha ndege.

Kabla hajaanza masomo yake, alipata funzo la kwanza lililokuwa chungu kama shubiri. Rafiki yake, Denys Finch Hatton, mwindaji aliyekuwa na nyumba Takaungu, alikuwa ameirusha ndege yake ndogo hadi pwani. Ilipotua, rafadha yake iligonga tumbawe ikaharibika, akalazimika kuagiza nyingine kutoka Nairobi. Baada ya kuifunga alielekea Voi kutafuta makundi ya ndovu kutoka angani. Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931 aliruka kutoka Voi pamoja na mtumishi wake, Kamau. Ndege ilizunguka, ikayumba, ikaanguka na kuwaka moto karibu na uwanja, wote wawili wakafa papo hapo. Sababu haikujulikana kwa yakini. Beryl mwenyewe alikuwa amealikwa katika safari hiyo, na Campbell Black alimsihi asiende. Mtu mwingine angeapa kutoigusa ndege tena. Yeye alianza kujifunza wiki chache tu baadaye, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa na leseni yake ya kwanza.

Mwaka uliofuata alirusha ndege peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza, safari ndefu ya kufuata bonde la mto Nile, akitua hapa na pale kutia mafuta na kuitengeneza injini iliyomsumbua njiani. Aliporudi alisoma zaidi, akapata leseni ya kuchukua abiria na mizigo kwa malipo, mwanamke wa kwanza nchini Kenya kufikia daraja hiyo. Akawa anabeba barua, wagonjwa, dawa na wasafiri, na kuwatafuta waliopotea nyikani. Alifanya pia kazi ya kuwaonyesha wawindaji mahali walipo ndovu wenye pembe kubwa, kazi ambayo sisi wa leo tunailaani, na tuna haki ya kuilaani.

Tusimtazame rubani wa enzi hiyo kwa macho ya sasa. Hapakuwa na mnara wa kumwongoza wala redio ya kumwambia hali ya hewa. Petroli ilikuja katika madebe, na ilibidi ichujwe kwa kitambaa cha ngozi laini kabla ya kumiminwa tangini, kwa maana tone la maji au punje ya kutu ingetosha kuinyamazisha injini juu ya msitu. Kamba za mabawa zilikaguliwa kwa mkono, magurudumu yakapigwa teke kupima upepo, na mafuta ya injini yakatazamwa kwa kijiti. Ndipo Beryl alipotambua kwamba hakuwa ameyaacha mazizi ya Njoro hata kidogo. Ndege pia ni mnyama asiyesema.

Aliyekuwa naye katika kazi hiyo ni yule yule arap Ruta. Alikuwa amemsaidia kuwatunza farasi, na sasa alimsaidia kuitunza ndege. Sheria za wakati huo zilimfanya mtumishi katika nchi ya baba zake, na vitabu vya historia vilivyojaa majina ya marubani havimtaji ila kwa sentensi mbili tatu. Lakini ni vigumu kuamini kwamba Beryl angeishi miaka ile yote angani bila ya macho ya watu kama yeye ardhini. Hadi leo ndivyo ilivyo. Rubani tunamwona kwa kofia na mapambo yake mabegani, ilhali fundi aliyelala chini ya gurudumu usiku wa manane hatumjui kwa jina wala kwa sura.

Sasa tufikie safari iliyompa umaarufu. Mwaka 1936 tajiri mmoja mlowezi wa Kenya, J. C. Carberry, alikubali kumwazima Beryl ndege mpya kabisa aina ya Percival Vega Gull ili ajaribu kuivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, bila kutua. Mabaharia wetu wanaojua maana ya kusafiri kinyume cha kaskazi hawahitaji kuelezwa ugumu wa jambo hilo. Pepo za bahari hiyo huvuma aghalabu kutoka magharibi, kwa hiyo anayekwenda Marekani hupigana nazo njia nzima, na mafuta ambayo yangemtosha kwa kurudi huenda yasimtoshe kwa kwenda. Jim Mollison alikuwa amekwisha kuvuka hivyo peke yake mwaka 1932 akitokea Ireland, lakini hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyefaulu.

Ili ndege hiyo ndogo yenye injini moja iweze kufika, ilijazwa matangi ya ziada hadi ndani ya chumba cha abiria, rubani akabaki amebanwa katikati yake. Kila tangi lilikuwa na bilula yake. Maelekezo yalikuwa kwamba tangi moja liachwe likauke kabisa, injini izime, ndipo rubani afungue jingine. Tafakari, msomaji, maana ya maelekezo hayo kwa mtu aliye peke yake gizani juu ya bahari isiyo na mwisho.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliruka kutoka uwanja wa jeshi wa Abingdon, uliochaguliwa kwa sababu ya urefu wa njia yake, kwani ndege ilikuwa imelemewa na mafuta. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Hakuwa na redio. Usiku huo, katikati ya dhoruba, tangi la kwanza lilikauka na injini ikanyamaza. Ndege ikaanza kushuka kuelekea mawimbi huku yeye akiipapasa bilula gizani. Akaipata, akaifungua, injini ikakohoa, ikaitikia. Akapanda tena juu, akaendelea.

Kulipokucha aliiona nchi kavu ya Amerika ya Kaskazini. Kwa hesabu zake, mafuta yaliyobaki katika tangi la mwisho yalimtosha kufika mbali, naye alikuwa akilenga New York. Lakini hapo ndipo injini ilipoanza kukata pumzi. Ilizima, ikawaka, ikazima tena. Alizifungua na kuzifunga bilula hadi vidole vikatoka damu, na hakuna kilichobadilika. Akatafuta mahali pa kutua, akaona mawe na matope. Ndege ikagusa ardhi huko Baleine, katika kisiwa cha Cape Breton nchini Kanada, ikateleza, ikajichoma pua katika kinamasi na kusimama mkia juu. Beryl akatoka na jeraha kichwani. Alikuwa angani kwa zaidi ya saa 20, na alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi bila kutua.

Je, kilichomshusha ni nini? Maelezo ambayo Beryl mwenyewe aliyaweka katika kumbukumbu zake ni kwamba barafu ilikuwa imeziba njia ya kupitisha hewa katika tangi lile la mwisho. Tangi lolote la mafuta huhitaji kijitundu cha kuvutia hewa. Mafuta yanapotoka, hewa huingia badala yake. Kijitundu kikizibwa, mafuta hayashuki hata kama tangi limejaa. Yeyote aliyewahi kumimina mafuta kutoka dumu la mdomo mmoja analijua jambo hili, ndiyo sababu muuza duka hutoboa tundu la pili upande wa juu. Basi mwanamke yule hakuangushwa na dhoruba, wala na usingizi, wala na woga. Ushujaa wote ule, pamoja na mafuta aliyokuwa nayo, ulizuiwa na kipande cha barafu kilichokaa mahali pasipopita hata kidole.

New York ilimpokea kwa shangwe, na magazeti yakamwandika kwa herufi kubwa. Furaha haikudumu. Tarehe 19 Septemba, wiki mbili tu baada ya safari hiyo, mwalimu wake Tom Campbell Black aliuawa huko Liverpool. Huyu alikuwa bingwa aliyeshinda mashindano makuu ya ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne mwaka 1934 pamoja na mwenzake C. W. A. Scott. Aliyekuwa amepita salama juu ya mabara na bahari alikutwa na mauti akiwa chini, ndege yake ikijongea uwanjani kabla ya kuruka, pale ndege ya kijeshi iliyokuwa ikitua ilipoigonga. Hatari ya safari ya angani huanza kabla ya magurudumu kuiacha ardhi.

Walimwengu walikuwa wakilitambua hilo pole pole. Mwezi wa Oktoba 1935, huko Dayton nchini Marekani, ndege kubwa mpya ya Boeing iliruka mbele ya wakubwa wa jeshi, ikapanda wima, ikaanguka. Rubani wake, Ployer Hill, mjuzi wa kusifika, aliaga dunia. Ilikuja kubainika kwamba vifungo vinavyozuia usukani wa ndege kupeperushwa na upepo inapoegeshwa vilikuwa havijafunguliwa. Rubani hodari alikuwa amesahau jambo moja tu. Kutokana na mkasa huo marubani wa Marekani walijitungia orodha fupi ya mambo ya kukagua, isomwe kila mara kabla ya kuruka. Walitambua kwamba akili ya mwanadamu, hata iwe kali kama wembe, husahau.

Safari ndefu za abiria zikaenea. Mwaka 1937 ndege za Imperial Airways zinazotua majini zilianza kushuka hapa Mombasa zikiwa njiani baina ya Uingereza na Durban, safari iliyochukua siku kadhaa. Ndege zikazidi kuwa kubwa, na vijitundu na vali vya kukagua vikazidi kuwa vingi.

Sisi Wakenya hatuhitaji kwenda ng'ambo kutafuta ushahidi. Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974, ndege ya Lufthansa aina ya Boeing 747 iliruka kutoka Nairobi kwenda Johannesburg ikiwa na watu 157. Vibawa vya mbele vinavyoisaidia ndege kupanda havikuwa vimefunguka, kwa sababu vali za hewa ya kuviendesha zilikuwa zimeachwa zimefungwa, na ukaguzi wa kabla ya kuruka haukulinasa kosa hilo. Nairobi iko juu sana, hewa yake ni nyepesi. Ndege ilijikokota, ikashindwa kupanda, ikaanguka karibu na uwanja na kuwaka moto. Watu 59 walipoteza maisha. Ilikuwa ajali ya kwanza ya ndege aina hiyo kuua watu popote duniani, na ilitokea katika ardhi yetu.

Kisha ukaja mwaka 1996. Mwezi wa Februari, ndege ya abiria ilianguka baharini karibu na Puerto Plata katika Jamhuri ya Dominika, watu wote 189 wakafa. Kijibomba kinachopima kasi yake kilikuwa kimeziba, na wachunguzi waliwashuku nyigu waliojenga humo ndege ilipokuwa imeegeshwa. Mwezi wa Oktoba, ndege ya Aeroperú iliyokuwa imesafishwa iliruka kutoka Lima huku vitundu vinavyopima shinikizo la hewa vikiwa bado vimefunikwa na utepe wa gundi uliosahauliwa na waoshaji. Marubani hawakuweza kujua kimo wala kasi yao gizani. Watu 70 waliangamia. Nyigu na utepe! Na sisi wa pwani tunawajua nyigu. Acha bomba wazi uani kwa siku chache tu, uone kama hawajalifanya nyumba.

Ndiyo maana siku hizi ndege ya safari ndefu haiondoki kabla ya kuzungukwa. Fundi huipitia kwa kurunzi, na rubani mmoja naye huizunguka kwa macho yake mwenyewe. Hutazama matairi na breki, hutafuta michirizi ya mafuta chini ya mabawa, huchungulia pangaboi za injini kama zimegongwa na ndege wa angani, huhakikisha kwamba vifuniko vyote vya vitundu vimeondolewa. Mafuta hupimwa kama yana maji. Uzito wa abiria na mizigo hupigiwa hesabu. Kila kasoro huandikwa katika daftari, na fundi mwenye leseni hutia sahihi yake kwamba imetengenezwa, au kwamba ndege inaweza kusafiri nayo bila hatari. Sahihi hiyo ni kiapo. Kisha marubani hukaa, mmoja akasoma orodha na mwingine akajibu, jambo baada ya jambo, hata kama wamelifanya mara elfu moja. Mtu asiyejua angewadhania watoto wa darasa la kwanza. Kumbe hivyo ndivyo watu wazima wanavyokiri udhaifu wao.

Na hapa kwetu tuna kidonda ambacho hakijafunga. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama hatua chache kutoka ufukoni, ikawameza watu 272, wengi wao wakiwa wanakwenda kazini. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Haikuwa safari ya saa 20 juu ya Atlantiki. Ilikuwa safari ya dakika chache katika maji tunayoyajua. Hilo latuonyesha kwamba ukaguzi haupimwi kwa urefu wa safari. Tunaruka katika matatu iliyojaa hadi mlangoni, tunamshangilia dereva anayekwepa kizuizi cha polisi, na tunamnunia yule anayesema chombo hiki hakiondoki. Kisha tunajaa makaburini kulia.

Beryl Markham aliishi miaka mingi baada ya safari yake. Mwaka 1942 kilichapishwa kitabu cha kumbukumbu zake, West with the Night, ambacho kilisahauliwa kwa miongo kadhaa hadi kilipochapishwa upya mwaka 1983 na kusomwa na watu wengi kuliko mara ya kwanza. Wapo waliodai kwamba mumewe wa tatu ndiye aliyekiandika, na ubishi huo haujakwisha. Baada ya kukaa Marekani alirejea Kenya, akaingia tena katika kazi yake ya kwanza ya kufundisha farasi, na farasi wake wakashinda mashindano makubwa mara nyingi. Uzee wake ulikuwa wa upweke na mfuko mwembamba. Alifariki jijini Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, miaka hamsini kasoro mwezi mmoja tangu alipoivuka bahari.

Lakini kinachonigusa zaidi ni hatima ya ndege yake. Katika kitabu hicho imesimuliwa kwamba ile Vega Gull iliuzwa na Carberry, ikaishia kuachwa kwa majuma katika uwanja wa Dar es Salaam, nje, bila kufunikwa wala kuangaliwa, hadi injini ikashika kutu na magurudumu yakakwama. Ndege iliyoshindana na dhoruba ya Atlantiki ikashindwa na hewa ya chumvi, hewa hii hii inayokula mabati na madirisha yetu hapa Nyali. Haikuuliwa na safari. Iliuliwa na kukosa mtu wa kuipitishia mkono kila asubuhi.

Tangu usiku ule, kila nionapo kutoka Nyali taa za ndege zikipanda upande wa Port Reitz, sifikirii tena fahari ya kuruka. Namfikiria mtu fulani asiyejulikana, aliyeinama na kurunzi yake, akichungulia kijitundu wakati abiria mia mbili wanamtukana. Mpwa wangu aliporudi likizo nilimwomba radhi kwa maneno niliyoyasema usiku ule. Alicheka, akaniambia kwamba hata yeye alitukana. Basi tukakubaliana kwamba siku atakapoondoka tena, safari ikicheleweshwa, tutanunua chai, tutakaa kitako, na tutawaombea mafundi wale macho makali na mikono isiyochoka. Anayechelewa hufika. Na alale salama Beryl Markham, na arap Ruta pia.